Mwili wa Tina, Jiko la Lawino

Sisi wakimbizi tukiandika juu ya chakula, tunaandika hadithi moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya sombe ya mama: kule nyumbani tulikula vizuri tukawa na nguvu, huku ugenini tumekonda. Ya pili ni ya picha: ndugu amefika Marekani, au amepata kazi hapa Kampala, mashavu yamejaa, shati linabana tumboni, na chini ya picha mtu ameandika "Mungu ni mwema". Hadithi zote mbili zinausoma mwili kama barua. Aliyekonda ameandikiwa mateso, aliyenenepa ameandikiwa baraka. Nataka kubishana na usomaji huo, na nitabishana nao kupitia kitabu kilichoandikwa na mtu wa nchi hii tuliyokimbilia: Wimbo wa Lawino cha Okot p'Bitek.

Kitabu kilitoka kwa Kiingereza huko Nairobi mwaka 1966, na Paul Sozigwa alikitia katika Kiswahili mwaka 1975. Habari yake inajulikana. Lawino, mwanamke wa Kiacholi, analalamika kwamba mumewe Ocol amesoma, amemdharau, na amechukua mwanamke wa mjini anayeitwa Clementine, au Tina kwa kifupi. Shuleni watoto wanafundishwa kwamba ni ugomvi wa mila na usasa. Basi, si uongo. Lakini ukikisoma ukiwa unaishi chumba kimoja cha kupanga, sigiri iko mlangoni na sufuria ni moja, unaona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ule ni chakula: nani anakula nini, kimepikwa kwa moto gani, na mwili wa mlaji unakuwaje.

Na mwandishi mwenyewe alionja ugenini. Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931, akaongoza jumba la michezo ya kuigiza la taifa hapa Kampala, akapoteza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, akaishi Kenya zaidi ya miaka kumi. Alirudi kufundisha Makerere, akafariki mwaka ule ule wa 1982. Kwa hiyo tusimsome kama mtu ambaye hakuwahi kula kwenye sahani za wengine.

Lawino anasema mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni mwili wa Tina. Anamcheka mke mwenzake kwa sababu Tina hali akashiba. Anaogopa kunenepa, ati daktari amemkataza, na uzuri kwake ni wembamba wa mwanamke wa Kizungu. Lawino anamchora kama mtu aliyebaki mifupa inayotembea. Wembamba wa Tina, machoni pa Lawino, ni ushahidi kwamba ameikana asili yake.

La pili ni jiko. Hapo Lawino anapumzika kidogo na matusi, anatutembeza ndani ya nyumba yake: jiwe la kusagia, ulezi, simsim, vyungu, kuni na mahali pa kila kuni. Kisha anatuonyesha majiko ya kigeni, la mafuta na la umeme, na hofu yake mbele yao. Hoja yake ni nzuri kuliko inavyosemwa madarasani. Hasemi chakula cha Wazungu ni kibaya kwa Wazungu. Anasema jiko, chombo, moto na chakula ni ukoo mmoja, na ukimng'oa mmoja wao, wengine wote wanayumba.

Nianze na hili la pili, kwa sababu hapa Lawino yuko sahihi kuliko wataalamu wengi wanaokuja kutufundisha lishe.

Watu wanadhani mkimbizi wa mjini ananenepa kwa sababu amegeuka mlafi, au amepata pesa. Ingia katika ua wowote wa Nsambya, Katwe au Makindye wanapoishi Wakongo, uangalie moto. Makala yananunuliwa kwa mkebe. Maharage yanataka saa mbili au tatu za moto. Sombe nayo inataka kutwangwa, kisha inataka kuchemka mpaka sumu ya majani ya muhogo iishe. Mama anayerudi saa moja usiku hana makala ya saa tatu wala nguvu za kutwanga. Chapati ya barabarani imeshaiva. Rolex, ile chapati iliyoviringwa na yai, imeshaiva. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, inashibisha kijana mpaka kesho. Asubuhi ni chai na mandazi, chai ya sukari vijiko vinne, maana sukari inazima njaa kwa haraka. Hakuna aliyekaa akachagua kula unga mweupe na mafuta mara mbili kwa siku. Bei ya makala ndiyo iliyochagua.

Ongeza mengine. Kule Uvira au Masisi mtu alitembea kwenda shambani, akainama, akabeba. Hapa anakaa kwenye cherehani kuanzia asubuhi, au analinda geti usiku kucha. Unga wa posho uliokobolewa mpaka ukawa mweupe umepoteza kiini na maganda, ndimo vilimokuwa vitamini na nyuzinyuzi. Mlo mkubwa umehamia saa nne za usiku. Usingizi ni wa vipande, kwa sababu kodi, kwa sababu ndoto. Na mwili uliowahi kushinda njaa, chakula kikirudi, unaweka akiba ya mafuta kwanza. Haujui kwamba vita imebaki upande wa pili wa mpaka.

Akiba hii inaweza kuanza kabla mtu hajazaliwa. Uholanzi ilipata njaa kali majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, Wajerumani walipozuia chakula. Watafiti waliwafuatilia watoto waliokuwa tumboni wakati ule, na wakakuta kwamba walipokuwa watu wazima miili yao ilishindwa kuimudu sukari kuliko ya ndugu zao waliozaliwa kabla au baada. Vita iliisha, mikate ikarudi, lakini mwili uliendelea kukumbuka. Sasa fikiria mtoto aliyebebwa mimba akiwa njiani kati ya Rutshuru na Bunagana, akakulia kwa chai na chapati. Ukimkuta na miaka arobaini ana tumbo na kisukari, utamwambia nini? Kwamba ameiga Wazungu?

Ndiyo maana hadithi ya picha ya Marekani inanitia wasiwasi. Tafiti nyingi za wahamiaji kule zinaonyesha jambo moja: wengi wanafika na afya nzuri kuliko wenyeji, na uzito unapanda kadiri miaka inavyopita. Soda ni rahisi kuliko matunda, duka liko mbali na miguu, zamu ni za usiku. Ndugu yetu wa kwenye picha huenda ana furaha. Huenda pia anakula peke yake saa sita usiku kwenye gari. Picha haisemi, na sisi hatuulizi. Tunaandika "Mungu ni mwema" tunaendelea.

Hapo ndipo namuacha mkono Lawino. Jiko analisoma vizuri sana, lakini mwili anausoma vibaya. Mbele ya sigiri anajua kwamba mambo yana sababu: kuni hizi, chungu hiki, upepo huu. Mbele ya Tina anasahau sababu zote, anaona tabia tu. Mwanamke mwembamba ni mwenye maringo, basi, kesi imekwisha. Na sisi tunafanya vilevile, ila tumegeuza upande.

Mganda akikuona baada ya miezi atakusalimia "Ogezze!", umenenepa, na anakupa sifa. Akisema "Okozze", umekonda, jua anakuonea huruma. Kwetu Kivu ni hivyo hivyo. "Eh, Mama, umeota mwili!" ni pongezi. "Juu ya nini unakondaka hivi?" ni swali la polisi, maana nyuma yake kuna ugonjwa usiotajwa, au kurogwa, au mume mbaya. Sioni ubaya wa salamu. Zilizaliwa mahali ambapo kukonda kulikuwa dalili ya msiba, na mara nyingi zilikuwa kweli. Ubaya unaanza salamu inapogeuka kuwa hukumu.

Kuna mama mmoja wa ua wetu, fundi wa kushona. Alifika Kampala mwembamba kama uzi wake. Miaka minne baadaye alikuwa mnene, na kila Jumapili kanisani alisifiwa. Usiku alikuwa anaamka mara tano kwenda chooni. Kiu haikuisha. Nyayo zilikuwa zinawaka moto. Hakusema, kwa sababu angesemaje? Mtu anayesifiwa kwamba amebarikiwa anaanzia wapi kusema anaumwa? Siku moja alikwenda mahali fulani kuomba msaada wa kodi. Mwenye fomu alimwangalia kuanzia juu mpaka chini akasema, "Mama, wewe unaonekana vizuri." Alirudi nyumbani akakunja karatasi. Kisukari kiligunduliwa baadaye, kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Leo anatembea kwa fimbo, na bado kuna watu wanaomwambia amependeza.

Yule mwenye fomu na wale wa kanisani walisoma kitabu kimoja kwa macho mamoja. Mmoja alinyima, wengine walisifu, wote waliamini kwamba unene ni ushahidi wa shibe.

Kampala ilipaswa kutufundisha zamani kwamba sivyo. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago walikuwa wanachunguza ugonjwa wa watoto ambao sisi wa Kivu tunauita bwaki, wengine kwashiakoo. Haya yalikuwa yakitokea katika nchi ya Buganda, yenye rutuba, yenye matoke nyumba kwa nyumba. Mtoto ana tumbo, ana mashavu, miguu imejaa, ukimwona kwa mbali utasema amenona. Kumbe amevimba maji. Alikuwa anakula ndizi mpaka anashiba, lakini ndizi zenyewe zina protini kidogo sana. Kwetu pia: hospitali ya Lwiro, karibu na Bukavu, ilijulikana kwa kazi hiyo ya kutibu watoto wa bwaki, katika milima ya kijani ambayo wageni walipiga picha wakasema ni paradiso.

Wafanyakazi wa misaada mnaosoma kijarida hiki mnajua kipimo chake. Mna ule utepe wa rangi tatu wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Lakini mnajua pia kwamba utepe hautoshi. Mnabonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, mnahesabu mpaka tatu, mnaachia. Shimo likibaki, mtoto ni mgonjwa mahututi, hata kama mkono unasema kijani. Kwa maoni yangu kidole gumba hicho ni msomaji bora kuliko Lawino, bora kuliko washairi wetu wote wa sombe, kwa sababu hakiridhiki na sura. Kinabonyeza, kinasubiri, kisha kinaangalia mwili umejibu nini.

Mfano mwingine, wa wakimbizi wenzetu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walianza kutoka madoa ya ngozi shingoni na mikononi, kuharisha, na kuchanganyikiwa. Ulikuwa pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini moja iitwayo niasini. Zaidi ya watu 18,000 waliupata. Mgao wao ulikuwa mahindi, na mahindi yasipoandaliwa kwa namna maalumu hayaachii niasini yake vizuri. Kilichowalinda kabla ya hapo kilikuwa karanga. Karanga ziliacha kufika, na miezi ikapita. Watu walikuwa wanakula posho na tumbo linajaa, huku mwili unaanguka kwa kukosa konzi ya karanga. Aliyewapima kwa macho, au hata kwa mizani peke yake, hakuona kitu mpaka ngozi iliposema.

Nikilitaja hili, sizungumzii historia tu. Hapa Uganda mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulishushwa hadi asilimia 70 mwezi wa Aprili 2020, kisha hadi 60 mwaka 2021. Mwaka 2023 watu wa makambini waligawanywa katika makundi kulingana na udhaifu: wengine asilimia 60, wengine 30, wengine sifuri. Mwaka 2025 takriban watu milioni moja waliondolewa kabisa katika msaada huo, kwa sababu pesa za wafadhili zimekauka. Sisi wa Kampala kwa kawaida hatukuwa na mgao tangu mwanzo. Mjini unahesabiwa kama mtu anayejitegemea. Pesa ikipungua, lazima mtu fulani aamue nani ni dhaifu. Na uamuzi huo, hata ukifanywa kwa kompyuta, mwishoni unafika kwa mtu anayemwangalia mtu. Ndiyo maana nasema namna tunavyousoma mwili si jambo la washairi peke yao.

Sasa nirudi kwa wenzangu waandishi, na hadithi yetu ya sombe ya mama. Ni hadithi tamu. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nasikia njaa. Kasoro yake ni kwamba nyumbani mle hakuna anayelala njaa. Hakuna bwaki, hakuna miezi ya kusubiri mavuno, hakuna askari aliyekula mbuzi. Chakula kinakuwa dawa kwa sababu ni cha kwetu, na cha ugenini kinakuwa sumu kwa sababu ni cha kigeni. Hilo ndilo kosa la Lawino la kutazama Tina, limehamia kwenye sahani. Sombe haitujengi kwa sababu mama aliipika. Inatujenga kwa sababu majani ya muhogo yana protini na madini, na mawese mekundu yana kile kinachogeuka vitamini A mwilini, na sambaza za Ziwa Kivu tunazila nzima pamoja na mifupa, tunapata kalisi. Tukijua sababu, tunaweza kuitafuta hapa. Tusipoijua, tunabaki na machozi.

Na hapa ipo, tena karibu. Mukene, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni binamu wa sambaza kwa kazi yake mwilini. Wengi wanawadharau, wanasema ni chakula cha kuku. Dodo ni lenga-lenga yetu ile ile. Karanga zilizosagwa, binyebwa, ziko sokoni kila kona. Kitengo cha Mwanamugimu pale Mulago kiliwafundisha mama wa Uganda kitobero: chakula cha kushibisha, pamoja na maharage au karanga au samaki, pamoja na mboga, vyote vinaiva pamoja kwa mvuke katika chombo kimoja, kwa moto mmoja. Moto mmoja! Lawino angekielewa hicho mara moja. Ni jiko lililobuniwa na mtu aliyefikiria kuni, mtoto, na mfuko wa mama, vyote kwa wakati mmoja. Sisemi kitobero kinamaliza umaskini. Mama asiye na mia tano hana hata dodo. Nasema ni afadhali insha moja inayoeleza kitobero kuliko kumi zinazolia sombe.

Kila mtu anakumbuka boga la Okot, ile methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga katika boma la wazee. Wanaoitumia kutukemea sisi wa mjini wanasahau kwamba wengi wetu hatukung'oa chochote. Tuling'olewa pamoja na boma. Kwa mtu wa namna hiyo methali inabaki na maana moja tu inayosaidia: boga lilikuwa na thamani kwa sababu liliota bila kusumbua na likalisha watu wakati wa shida. Tutafute linaloota hivyo hapa, hata kama ni ndani ya gunia la udongo nyuma ya choo.

Okot alikuwa mwandishi wa haki. Baada ya Lawino kumaliza, alimpa mume nafasi ya kujibu katika Song of Ocol, mwaka 1970. Ocol alijibu kwa hasira, akaapa kubomoa kila kitu. Lakini Tina hakupewa wimbo. Tunasikia habari zake tu: kwamba ni mwembamba, kwamba hali, kwamba kuna daktari. Daktari alimkataza nini, na kwa nini? Alikuwa mgonjwa? Alikuwa na wasiwasi? Alikuwa anatuma pesa kwao na kubaki na chai? Katika vitabu hivyo viwili vizima, hakuna mtu aliyemuuliza amekula nini leo.